Skwea ya Mzee Tisini

Hakuwa na cheti hata kimoja. Hakuwa na miwani; alisomea ya mkewe, yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi wangu mweusi. Hakuwa na meno mawili ya chini, hakuwa na saa, hakuwa na mtu wa kumjua katika ofisi yoyote. Darasani hakuwa na daftari. Aliandika nyuma ya karatasi za msasa zilizokwisha makali, na ukimshikia kazi yake vidole vinakuwasha mpaka jioni. Hakuwa pia na uvumilivu wa kitu kilichopinda. Akiingia nyumba ya watu akakuta picha imekaa upande ukutani, hata kama ni nyumba ya msiba, alikuwa anainuka kimyakimya na kuinyoosha. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Tisini, kwa zile nyuzi tisini za pembe mraba, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Mimi ni fundi cherehani, nami huitwa Pindo. Duka langu na karakana yake ya useremala vinatenganishwa na ukuta wa mbao aliougonga yeye mwenyewe. Mbao zimebanana kiasi kwamba sindano haipiti, ila maneno yanapita yote. Kwa hiyo haya ninayoyaandika mengine niliyaona na mengine niliyasikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu, bila kuhitaji kutega sikio.

Alichokosa kuliko vyote, na alichokitaka kuliko vyote, ni darasa la kufundisha. Chuo cha ufundi kilikuwa kikitafuta mwalimu wa karakana. Mara mbili huko nyuma Tisini alikwishaomba nafasi kama hiyo, na mara mbili barua yake ilirudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: ambatisha cheti. Safari hii tangazo lilikuwa tofauti. Lilibandikwa kwenye mlango wa chumba tunachosomea Kiingereza jioni, na Tisini alilisoma akiwa amesimama mpaka watu wakamwomba awapishe. Lilisema kwamba mwombaji asiye na cheti aandike kwa mkono wake somo moja juu ya kifaa kimoja cha kazi: jina lake kama lilivyo katika vitabu vya Kiingereza, maana ya jina hilo na lilikotoka, na namna ya kukitumia kifaa chenyewe. Sababu yake ilikuwa wazi. Vitabu vya chuo vyote ni vya Kiingereza, na wanafunzi hukariri majina ya vyombo kama kasuku. Mwisho wa kupokea barua ulikuwa muhuri wa posta wa Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

"Ukipata hiyo kazi utavaa nini?" nilimsikia mkewe akimuuliza kesho yake.

"Shati."

"Lipi? Lile la gundi au lile la rangi?"

"Nitamshonea mimi, shemeji," nikasema kutoka upande wangu.

"Wewe Pindo tulia huko huko. Hatujakuita kikaoni."

Walicheka, lakini baadaye nilimsikia Tisini akimwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba ana miaka sitini na sita, na kwamba yaliyomo kichwani mwake akifa nayo yatazikwa naye, na udongo hauna kazi nayo. Kesho yake shemeji alimnunulia karatasi nzuri za mistari, kumi, na bahasha.

Darasa letu ni la watu wazima, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja, Jumatatu na Jumatano. Mwalimu wetu ni mwanamke kijana, umri wa binti yangu wa mwisho. Mlangoni anatuamkia mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo mama. Kisha anavuka mpaka ubaoni, anageuka, na hapo ni sisi tunaosimama kumsalimu. Mimi huo utaratibu naupenda. Kila mtu anapata heshima yake na hakuna anayebaki na deni.

Jumatatu iliyofuata aligawa vipande vya karatasi. Kila kipande kilikuwa na jina moja la umbo kwa Kiingereza, na kazi yetu ilikuwa kulifuata neno hilo mpaka lilikozaliwa. Alikuwa na kamusi nene ya asili ya maneno. Mgongo wake ulikuwa umeachia, nikaushona mimi kwa uzi wa turubai, na naweza kusema haujaachia tena. Mimi nilipewa neno la umbo la duara lililovutwa. Tisini alifungua karatasi yake, akaitazama, akaikunja.

"Mwalimu, mimi umenipa kazi ya mtoto. 'Square.' Skwea naijua tangu sina ndevu."

"Skwea unaijua, baba. Neno hulijui."

Darasa likaguna. Tisini akavaa miwani ya mkewe, akavuta kamusi, akaanza kusoma kwa kidole. Mwalimu alisimama nyuma yake akimsaidia pale Kiingereza kilipokuwa kigumu, na sote tukaacha kazi zetu tukasikiliza.

Waingereza, kwa mujibu wa kamusi ile, neno hilo walilichukua kwa Wafaransa wa zamani. Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, wala si Kilatini cha makasisi bali kile cha mitaani, kwenye kitenzi chenye maana ya kukichukua kitu na kukifanya kiwe na pembe nne zilizonyooka. Na ndani kabisa ya kitenzi hicho, kama kokwa ndani ya tunda, ilikuwamo namba nne.

"Kwa hiyo mwanzo ni kitenzi," alisema Tisini.

"Mwanzo ni kitenzi. Kukifanya kitu kiwe hivyo. Sasa soma tarehe, baba."

Akasoma. Kwa Kiingereza, neno lilianza kuonekana katika maandishi ya karne ya kumi na tatu, katikati yake, na maana yake ilikuwa kifaa cha fundi cha kupimia pembe. Umbo lenyewe, lile la pande nne ambalo kila mtoto analichora, liliitwa hivyo zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Alisoma tena. Kisha akavua miwani.

"Kumbe kifaa kilitangulia."

"Katika maandishi ya Kiingereza yaliyobaki, ndiyo."

"Wakati fundi ameshika skwea yake mkononi, mwalimu wa hesabu alikuwa bado hana hilo neno la kuchora ubaoni."

"Alikuwa na mengine."

"Lakini hilo hakuwa nalo."

"Hilo hakuwa nalo, baba," alisema mwalimu, na nilimwona akizuia tabasamu.

Tisini alikaa wima kwenye dawati kama mtu aliyeambiwa kwamba ukoo wake una shamba mahali. Akaendelea kusoma maana nyingine. Baadaye neno lilikuja kuwa jina la uwanja wa wazi katikati ya mji, uliozungukwa na majumba. Likawa sifa ya mtu asiye na ujanja katika maafikiano yake. Likawa mlo wa kumshibisha mtu sawasawa. Na mwisho, si zamani sana, wapiga muziki wakalitumia kumcheka mtu wa kizamani asiyejua mitindo.

"Hilo la mwisho ni la mzee Tisini," alisema mama wa saluni kutoka nyuma. "Andikeni."

"Niandikeni kwa wino," alijibu Tisini bila kugeuka.

Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasoma langu. Neno langu lilitoka kwenye yai. Basi. Nikakaa.

Njiani kurudi nyumbani alitembea mbele yangu kama kijana. "Nimepata kifaa changu, Pindo," alisema. "Nitaandika skwea. Nani mwingine ataiandika?"

Sasa lazima niieleze skwea yenyewe, maana kila kitu kinaning'inia hapo.

Tisini ana skwea nne. Tatu ni za kawaida. Ya nne alipewa na fundi aliyemfundisha, siku aliyoondoka kwake kwenda kujitegemea. Ina mpini wa mbao nyeusi ulioteleza kwa viganja vya watu wawili, na bapa la chuma lililopigiliwa kwenye mpini kwa ribiti tatu za shaba. Inakaa kwenye msumari wake wa peke yake, juu kuliko vyombo vingine. Kila tarehe mosi ya mwezi Tisini huzipima skwea zake. Ni kazi ya dakika moja, na alishanionyesha. Unachukua ubao uliopigwa randa ukingo wake ukanyooka. Unabana mpini kwenye ukingo huo, unachora mstari kufuata bapa. Kisha unaigeuza skwea, tumbo juu mgongo chini, unabana tena, na unachora mstari wa pili kuanzia pale pale ulipoanzia wa kwanza. Skwea nzima inakupa mstari mmoja. Skwea iliyopinda inakupa miwili inayoachana, na upana wa kuachana kwao ni kosa lake mara mbili. Haina pa kujificha.

Anazipima tatu tu. Ya nne haipimi.

"Na hii?" nilimuuliza siku moja.

"Hii ndiyo inayopimia nyingine."

"Nayo nani anaipima?"

"Aliyenipa alishaipima," akasema, na kwa jinsi alivyoifunga droo nikaona mazungumzo yamekwisha.

Jumamosi iliyofuata skwea yangu kubwa ya kukatia vitambaa ilipasuka. Nilikuwa na foronya arobaini za kukata kwa ajili ya nyumba ya wageni, nikaenda kumwazima. Nadhani furaha ya barua yake ndiyo iliyomfanya aunyooshe mkono hadi kwenye ule msumari wa juu.

"Usiiweke juani," alisema.

"Mimi kitu cha kuazima siharibu. Unanijua."

Kweli sikuiharibu, kwa siku mbili. Jumatatu mchana nikairudisha. Tisini alikuwa amekwenda kuchagua mbao na mlango wa karakana ulikuwa umeegeshwa tu. Ule msumari uko juu, nami si mrefu. Nilijinyoosha kwa ncha za vidole, nikadhani tundu limeshika, nikaachia. Ilianguka kwa ncha kwenye sakafu ya saruji, ikalia kama kengele ndogo.

Niliiokota nikaitazama. Haikuvunjika, haikupasuka. Nilijiambia kwamba chuma ni chuma. Nikasogeza stuli, nikaitundika vizuri, nikatoka.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nisiseme. Mwaka uliotangulia Tisini alidondosha tone moja la vanishi kwenye kitambaa changu cha suti, tone la ukubwa wa dengu, na mimi nikalitangaza wiki tatu nzima. Niliwaambia hata wapita njia. Mtu aliyefanya hivyo anaona taabu kubwa kufungua mdomo.

Wiki hiyo Tisini alikuwa anaandika barua asubuhi na kutengeneza kabati mchana. Kabati lilikuwa zawadi kwa darasa, la kuwekea kamusi na chaki, dogo, la milango miwili. Kwa kazi hiyo alitaka kutumia skwea ile ya fundi aliyemfundisha, kwa sababu ya mambo aliyoyasoma kwenye kamusi. Nilimsikia akifanya kazi huku akijisemea Kiingereza.

Alhamisi alifika kwenye kufunga milango. Ukikaa jirani na fundi miaka kumi na tisa unaijua kazi yake kwa masikio. Nilisikia bisibisi, kisha kimya. Nikasikia randa, mara tatu, taratibu. Kimya. Randa tena. Kisha nikasikia mkanda wa kupimia ukivutwa na kuachiwa, ukivutwa na kuachiwa. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia karakana ile mchana wa saa saba: Tisini amekaa chini na hafanyi chochote.

Mkewe alimkuta hivyo alipoleta chakula.

"Baba watoto, mbona umekaa?"

"Milango haikutani."

"Si uipige randa kidogo?"

"Haihitaji randa. Imekaa upande. Nimepima kona kwa kona, zimepishana nusu sentimita. Mlango wa kwanza na wa pili vile vile."

"Labda mbao zimejikunja."

"Mbao hazina kosa. Ni mimi. Ni macho." "Barua siipeleki."

"Kwa sababu ya kabati?"

"Nitasimama mbele ya watoto wa watu niwafundishe tisini, na mwenyewe siioni? Waandike walimu wenye macho."

Nilingoja shemeji amtanie. Nilisikia tu sahani ikiwekwa juu ya meza ya kazi, polepole, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo limekuwa zito.

Nilirudi kwenye cherehani. Nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikaufumua, nikaushona tena pale pale.

Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho ya kutuma barua, nilifungua duka, nikafagia mahali palipokwisha fagiwa. Posta inafunga saa kumi alasiri. Saa tano nilikuwa bado nafagia. Saa sita nikasikia bisibisi ikifungua bawaba za kabati, nikaona kwamba nikingoja zaidi sitakwenda kabisa. Nikazunguka.

Milango miwili ilikuwa imelala juu ya meza ya kazi. Barua ilikuwa chini ya randa, kurasa tatu.

"Karatasi hizo chukua," alisema bila kunitazama. "Zitakufaa kwa mikato ya kola."

Nilizichukua nikazisoma nikiwa nimesimama. Ilikuwa barua nzuri. Nimesoma barua za watu waliokwenda shule za mchana ambazo hazifiki hapo. Alieleza safari ya neno kutoka Kilatini cha mitaani, akaeleza kwamba mkono wa fundi uliliita jina hilo kabla ya ubao wa hesabu, akaeleza namna ya kubana mpini, namna ya kuchonga penseli iwe kama patasi ili mstari usinenepe. Kwenye ukurasa wa tatu aliandika: *Skwea yangu nilipewa na mwalimu wangu, na kwa miaka arobaini na moja haijanidanganya hata siku moja.*

Niliirudisha barua mezani.

"Tisini, ipime skwea yako."

"Ipi?"

"Ile ya juu."

"Umekunywa nini asubuhi hii?"

"Ipime tu."

"Ile haipimwi, Pindo."

"Iliniponyoka ikaanguka."

Aliweka bisibisi chini. "Lini?"

"Jumatatu. Hukuwepo. Nilikuwa naitundika."

"Ilianguka vipi? Kwa mpini au kwa ncha?"

"Kwa ncha."

"Hapa kwenye saruji?"

"Hapo hapo uliposimama."

Alitazama sakafu, kisha akanitazama mimi. Mkewe alikuwa amefika mlangoni na kikapu, akasimama hapo hapo.

"Na ukaitundika," alisema Tisini.

"Nikaitundika."

"Mwaka jana tone la vanishi ulilitangaza wiki tatu."

"Najua."

"Mpaka kwa muuza maziwa."

"Najua, ndugu yangu. Siku zote nne hizi najua."

Alivuta stuli, akaishusha skwea, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Akachukua ubao wenye ukingo ulionyooka na kunipa nishike. Akabana mpini, akachora. Akaigeuza. Nilimwona akisita kidogo, maana kitendo hicho hakuwahi kukifanya kwa skwea ile tangu apewe. Kisha akabana tena, akachora mstari wa pili.

Mistari ilianza pamoja kama ndugu wawili wanaotoka nyumba moja, halafu ikaachana. Ilipofika mwisho wa bapa ungeweza kulaza njiti ya kiberiti katikati yake.

Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejipangia hata majibu, yote ya unyonge. Tisini alivua miwani, akaitazama ile mistari bila miwani, akaivaa, akaitazama tena.

"Naiona," alisema. "Mama watoto, njoo. Macho yangu mazima. Naona mistari miwili."

"Hata mimi naiona, na miwani yangu umeivaa wewe," alisema shemeji.

Akakaa kwenye stuli. Akaanza kuzungumza, na mpaka leo sijui alikuwa anazungumza na nani kati yetu. Alisema tarehe mosi ikifika alikuwa akizipima tatu na kuipita ya nne, mwezi baada ya mwezi, miaka arobaini na moja. Kama angekuwa na mazoea ya kuipima, chochote kikimtia shaka angeishusha kwanza hiyo. Jana mlango ulipokataa angeipima kabla ya kujipima mwenyewe.

"Wewe uliiangusha," aliniambia. "Hilo ni lako na nitalitangaza wiki tatu. Lakini kutoipima ni kwangu."

"Aliyekupa alikuwa ameipima," nikasema.

"Aliipima. Kwa hiyo alikuwa anaipima, Pindo. Umeona? Yule mzee alikuwa anaipima, mimi nikaitundika." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyegundua funguo ziko mfukoni mwake. "Mwalimu si alisema, mwanzo ni kitenzi. Kukifanya kitu kiwe. Mimi nilidhani ikishafanywa imefanywa."

Kazi ya kuirekebisha ilichukua saa nzima. Ribiti mbili zilikuwa zimelegea kidogo sana, na bapa lilikuwa limesogea ndani ya mpini. Aliligonga kwa kipande cha mbao laini, akakaza ribiti kwa nyundo ndogo juu ya chuma, mimi nikiwa nimeshika ubao kama nilivyoagizwa. Akapima. Mistari iliachana bado, lakini kwa unywele. Akagonga tena. Mara ya tatu alichora, akageuza, akachora, na penseli ikapita juu ya mstari ule ule kama vile hakuna kilichochorwa. Tulikuwa watu wazima watatu tumeinamia ubao tukitazama mstari mmoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nane kasoro," nikasema.

"Lete karatasi," akamwambia mkewe.

Ukurasa wa tatu aliuandika upya, kwa sababu hawezi kupeleka ukurasa uliokatwakatwa. Nilimshikia kamusi yangu ndogo. Alipomaliza akasoma kwa sauti, na ile sentensi ya zamani haikuwamo. Mahali pake palikuwa na haya: *Kabla ya kumfundisha mwanafunzi kuitumia skwea, nitamfundisha kuipima. Yangu ilianguka wiki hii kutoka mikononi mwa rafiki, nami sikujua, kwa sababu niliiheshimu kuliko nilivyoiangalia. Imeniharibia milango miwili ya kabati. Sikuitupa. Mkinipa darasa, nitakuja nayo siku ya kwanza.*

"Umenitaja," nikamwambia.

"Sikukutaja. Nimeandika rafiki."

"Mtaa mzima unajua una rafiki mmoja."

"Basi na chuo kijue."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa kukaa karakana. Shemeji alilamba mara mbili, haikushika. Tisini akachovya kijiti kwenye kopo la gundi ya mbao, akapitisha mstari mwembamba, akakunja kifuniko, akakibana kwa jiliwa kati ya vibao viwili na kuhesabu mpaka sitini. Alipoitoa aliiwekea skwea kwenye pembe, kwa mazoea tu.

"Hii haina tisini," alisema.

"Wewe mzee," alisema mkewe, "toka."

Tulikwenda pamoja, yeye amevaa lile shati la gundi kwa kuwa lile la rangi lilikuwa limefuliwa na halijakauka. Posta palikuwa na watu wanne mbele yetu. Karani alikuwa msichana mwenye haraka; alibandika stempu, na Tisini akamwomba kwa adabu apige muhuri wa tarehe pale pale, mbele yake, ili aione Ijumaa kwa macho yake. Msichana akaupiga. Ulikaa upande, umepinda kabisa, nusu kwenye stempu na nusu kwenye jina la chuo.

Niliuona mkono wa Tisini ukiinuka.

"Uache," nikamnong'oneza.

"Umepinda, Pindo."

"Umepinda. Unasomeka?"

Akainama, akatazama. "Unasomeka. Ijumaa."

Aliurudisha mkono mfukoni na kuuacha humo. Karani akaichukua bahasha, akaitupa nyuma yake kwenye gunia lililo wazi, akaita anayefuata.